Gauni la manjano na uzi alioumeza Pindo

Gauni lenyewe ni la pamba, manjano ya embe lililoiva, lina vitone vyeupe na kola ndogo ya duara. Zipu yake ni ya chuma na imewekwa ubavuni, si mgongoni. Halina lebo, maana halikutoka dukani: lilishonwa na fundi mmoja wa Ilala mwaka 1967 kwa vipimo vya mama yangu, aliyekuwa na miaka 18 na ndiyo kwanza ameanza kazi ya kupiga taipu mjini. Nililikuta kwenye sanduku lake la bati mwaka 2021, alipohamia kwetu Tabata baada ya baba kufariki. Nilikaa sakafuni nikalipakata kama mtoto.

Kitu kimoja tu kilinikera. Chini, pale upindo ulipopaswa kuishia, palikuwa pameungwa kitambaa kingine chekundu kilichofifia, upana wa shubiri nzima, kimekunjwa mara mbili na kushonwa kwa mkono kwa uzi mweusi. Rangi hazikuendana. Mishono yenyewe ilikuwa mirefu, inapanda na kushuka, mishono ya mtu mwenye haraka. Niliona kipande kile kimeliharibu gauni, nikajiambia siku moja nitakifumua nilirudishe lilivyokuwa. Miaka miwili nilikaa na wazo hilo.

Mimi napenda nguo za zamani kuliko nguo nyingine zozote. Sisemi mitumba yote. Nasema zile zilizoshonwa kabla sijazaliwa, au nikiwa bado mtoto, ambazo ukizigeuza ndani unakuta fundi ameacha kitambaa cha ziada kwenye mishono ili mwenyewe akinenepa iachiliwe. Nguo nyingi za siku hizi hazina huruma hiyo. Mashine ya overloki imekata karibu kabisa na mshono, ukinenepa ukanunue nyingine. Watu hudhani navutiwa na maua makubwa na kola zilizochongoka. Kola nazipenda, lakini kinachonishika ni kule ndani, kwenye bitana na mishono, ambako mtu aliyeishona nguo anaonekana.

Jumamosi mbili kila mwezi nashuka Karume, soko la mitumba la Dar es Salaam, kabla ya saa 12 asubuhi, wakati wauzaji wanafungua mabelo. Wengi wanawahi ili wapate chaguo la kwanza, na bei yake ni ya juu. Mzigo ukishachambuliwa mara mbili tatu, kinachobaki kinamwagwa kwenye turubai na kuuzwa kwa buku. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mali yangu iko kwenye turubai. Chaguo la kwanza linafuata mtindo wa sasa, na kwa muuzaji, gauni la mwaka 1975 ni gauni lililochelewa kupata mnunuzi. Kwa hiyo nakunywa chai taratibu, nasubiri. Kuna kijana aliyekuwa akiniwekea vifungo vya zamani kwenye kopo la maziwa, vya mfupa na vya chaza, akijua nitapita. Soko lilipoungua Januari 2022 alipoteza kila kitu, na mimi nilipokwenda kumpa pole nikamkuta anazoa majivu kwa mikono. Amerudi kazini, namshukuru Mungu kwa hilo, na kopo jipya ameshalianza.

Nikishika nguo, kwanza natazama ndani ya kola. Lebo ikisema Ujerumani Magharibi, imeshonwa kabla ya Oktoba 1990, Wajerumani walipoungana. Ikisema Chekoslovakia, ni kabla ya 1993. Gauni la Kimarekani lisilo na maelezo ya ufuaji mara nyingi ni la kabla ya 1972, kwa kuwa mwaka huo ndipo kanuni za kwao zilipoanza kuwabana watengenezaji kuyaweka. Nembo ya St Michael ilikuwa ya Marks & Spencer wa Uingereza, nao waliiacha mwaka 2000. Lebo ikiwa imekatwa, naangalia zipu: ya chuma hunirudisha miaka ya 60 au nyuma zaidi, kabla nailoni haijachukua nafasi. Na nikiwa na shaka na kitambaa, nachomoa uzi mmoja ndani ya mshono nikauchoma kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi, sufu inanuka nywele, poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Kisha nguo inafuliwa, inakauka, na inapigwa pasi pande zote mbili hadi kwenye mikunjo, kwa sababu ya mayai ya nzi yanayoachwa kwenye nguo zilizoanikwa.

Mama hakuipenda tabia hii hata siku moja. Kizazi chake kiliziita nguo hizi “kafa Ulaya”, kwa imani kwamba mwenyewe alikufa huko ndipo nguo zake zikaletwa huku. Mama alizoea fundi. Unanunua kitambaa, unapimwa, unakwenda kujaribisha, unarudi tena. Mimi nimezaliwa 1983, wakati ambao hata khanga ilikuwa kitu cha kupanga foleni. Nilivalishwa nguo zilizokatwa kwenye nguo zake. Mitumba ilijaa baadaye, biashara ilipoachiwa na Mzee Mwinyi akashika nchi mwaka 1985, na kwa mama ilibaki ishara ya shida. Alipoona kabati langu mara ya kwanza aliniuliza kwa upole kabisa, “Mwanangu, mumeo hakupi hela ya kitambaa?”

Mume wangu hela ananipa. Alichokuwa hana ni mahali pa kuning’iniza mashati yake. Nyumba yetu ina vyumba vitatu: sisi wawili kimoja, mama na binti yetu wa miaka 14 kimoja, na cha tatu cha mwanetu wa miaka 6, ambacho nusu yake ni masanduku yangu. Tuligombana sana mwaka wa kwanza, tena si kwa utani. Siku moja aliniambia, “Mama watoto, mimi sizichukii nguo zako. Nachukia kwamba hazivaliwi.” Nilikuwa na magauni 64 na nilivaa labda 9. Mengine niliyaweka kwa sababu niliogopa jasho, mafuta ya kupikia, na kucha za paka. Maneno yale yaliniuma kwa kuwa yalikuwa kweli. Tulikubaliana kwamba likiingia moja linatoka moja, na kwamba lisilovaliwa mwaka mzima anapewa mtu. Alianza yeye kutimiza kwa upande wake. Koti la sufu la kijivu nililomnunulia, zito, lenye vifungo vya ngozi, analivaa kila tukienda kwao Lushoto mwezi wa saba, na wazee wa kule wanamsimamisha njiani kulishika.

Koti hilo na nguo nyingine za sufu ndizo zilizonifundisha kuhusu naftalini. Zamani nilizitupia sandukuni vile vidonge vyeupe kama kila mtu. Mwanangu alipokuwa mchanga, mwaka 2017, muuguzi wa kliniki alinusa shali nililombebea akaniuliza ninahifadhije nguo. Akanieleza kwamba kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng’enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, jambo la kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu, na kwa mtoto wa namna hiyo naftalini inaweza kuzivunja chembe hizo. Baadaye nikaja kujua kwamba kwa paka na mbwa nayo ni sumu. Niliondoa vidonge vyote siku ile ile. Sasa sufu naifua, naikausha vizuri, naifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki na kuiweka kwenye friza wiki nzima, ili mayai ya nondo yafe. Masika yakianza nafungua masanduku kila Jumapili nguo zipate upepo, kivulini, maana unyevu wa Dar unaleta ukungu na jua linakula rangi. Mama anapitisha udi. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilopatana kuhusu nguo zangu.

Wanyama tunao wawili. Mbwa, Bobi, analala barazani na haingii ndani. Paka, Pindo, ni mweusi mwili mzima, na kwenye miguu yote minne ana ukanda mweupe uliopangika kama pindo la khanga. Binti yangu ndiye aliyempa jina. Pindo alifika akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, na kabla ya kutimiza mwaka alizalia ndani ya sanduku nililosahau kulifunga, juu ya blauzi ya hariri. Watoto watatu. Nilisimama pale nikitaka kulia kwa ajili ya blauzi, kisha nikamwona anavyonitazama, nikafunika sanduku nusu na kuzima taa. Blauzi haikupona. Baada ya wanawe kupata nyumba nyingine tulimpeleka akafungwa kizazi, na mimi nikajifunza kufunga masanduku.

Kufunga kibweta cha nyuzi sikujifunza.

Ilikuwa Jumapili ya Juni 2023. Mama alikuwa amekwenda msibani Buguruni, na mimi nikaona nafasi imepatikana. Nilitandika gauni la manjano mezani, nikachukua kiwembe, nikaanza kufumua kile kipande chekundu. Uzi ulikuwa mgumu, wa pamba, na kwa sababu mishono ilikuwa mirefu ulitoka wote kwa mpigo, kama nusu mita. Niliuweka kando nikiwa na furaha. Kitambaa chekundu kilianza kufunguka. Ndipo nikasikia harufu ya maharage yanaungua, nikakimbilia jikoni.

Niliporudi Pindo alikuwa juu ya meza anatafuna. Kwenye kona ya mdomo palining’inia uzi mweusi urefu wa kidole. Nikaushika nikavuta. Haukuja. Akakohoa, akanikwaruza, akaruka chini. Nikajiambia utatoka wenyewe na kinyesi, nikaendelea na maharage.

Hilo ndilo kosa ninalotaka mtu mwingine asilirudie, kwa hiyo nalieleza kama nilivyoelezwa. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea nyuma, kooni. Uzi ukishagusa pale hawezi kuutema kirahisi. Anaumeza hata kama hataki. Mara nyingi upande mmoja wa uzi unajizungusha chini ya ulimi na kukwama, na upande mwingine unakwenda zake tumboni hadi kwenye utumbo. Utumbo unajaribu kuusukuma, uzi hauendi, basi utumbo wenyewe ndio unaopanda juu ya uzi na kujikunja. Daktari wa mifugo alipojua nashona aliniambia, “Ni kama marinda, mama. Ukivuta uzi, kitambaa kinajikusanya.” Niliona picha nzima. Na uzi uliokazwa hivyo unaweza kuukata utumbo. Ndiyo maana hauvutwi, si mdomoni wala nyuma ukionekana unatoka. Hapewi mafuta wala maziwa ya kulainisha. Anapelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mimi nilimpeleka Jumanne. Jumatatu alikuwa ametapika mara tatu na kuacha kula, akajificha uvunguni mwa kitanda cha mama. Binti yangu alilala sakafuni usiku ule, mkono wake uvunguni, akimshika mguu. Asubuhi hakuniuliza chochote, aliniambia tu, “Mama, twende sasa hivi.” Tulimbeba kwenye kikapu cha sokoni tukakodi bajaji.

Daktari alimfungua mdomo, akainua ulimi kwa kidole gumba kutoka chini ya taya, na uzi ukaonekana, umezunguka, tayari umechimba nyama. Alimlaza kwa dawa, akaukata pale chini ya ulimi, kisha akampasua tumbo na kuutoa kipande kwa kipande. Utumbo ulikuwa haujatoboka. Kungechelewa siku moja zaidi, alisema, asingeniahidi kitu. Gharama ilimeza karibu nusu ya mshahara wangu wa ualimu, na nililipa bila kuhesabu. Nilipewa uzi ndani ya kichupa. Sijui kwa nini niliuomba.

Jioni mama alikuwa sebuleni anamngoja paka. Aliona kichupa mezani, akakiinua, akakisogeza dirishani kwenye mwanga.

“Uzi huu umeutoa wapi?”

Nilimwambia. Nilileta gauni, upande mmoja ukining’inia. Nilitarajia akasirike. Alikaa, akalitandaza mapajani, akapitisha kidole pale nilipofumua, tundu kwa tundu.

Nilifundishwa shuleni kuhusu Oparesheni Vijana kwa sentensi mbili. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, mikorogo ya kujichubua na suruali za kubana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 marufuku hiyo ikaanza kusimamiwa mitaani Dar es Salaam. Nilijua hayo. Nilikuwa hata nawasimulia wanafunzi. Sikuwahi kuuliza mama alikuwa na miaka mingapi.

Alikuwa na miaka 19. Ofisini alikaa na wasichana wengine wanne, na wote walivaa juu ya magoti. Ndivyo walivyovaa wasichana wa ofisini. Azimio lilipotangazwa tu, kabla hata ya Januari, vijana walianza kuwavizia wanawake kwenye kituo cha mabasi Kariakoo. Jioni moja alishuka basi akiwa na gauni la manjano. Walikuwa wengi, alisema, na wengine wadogo kuliko yeye. Walimzunguka wakipiga kelele. Mmoja akashika upindo akavuta, mshono wa nyuma ukaachia.

“Wakati ule sikuwa na sauti,” mama alisema. “Nilishika gauni kwa mikono miwili, nikashindwa kujikinga uso.”

Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza maandazi aliinuka, akafungua khanga yake ya juu, akamzungushia kiunoni, akamfunga fundo. Akamshika mkono wakatembea. Hakusema nao neno, alisema naye tu: “Twende, binti yangu, usigeuke.” Akamfikisha karibu na nyumbani kwao, mtaa wa Gerezani, akarudi kwenye maandazi yake. Mama alikwenda Kariakoo siku tatu kumrudishia khanga. Hakumwona tena. Jina lake hakumwuliza.

Ndiyo hiyo khanga. Mama aliikata chini akaiunga kwenye gauni usiku, kwa koroboi, kwa uzi mweusi kwa sababu ndio uliokuwapo, kisha asubuhi akalivaa kwenda kazini. Alilivaa hivyo hadi alipoolewa.

Nilifunua kile kitambaa chekundu pale kilipokwishaachia. Ndani, upande uliokunjwa usionekane, kulikuwa na herufi zilizopauka: SIOGOPI MTU KWA MA. Hapo kimekatwa. Mtu yeyote aliyekulia pwani anaweza kumalizia, na kuanzia mwanzo pia: naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Binti yangu alisoma kwa sauti, akamtazama bibi yake akiwa ameshika mdomo.

“Bibi, ulikuwa unawajibu?”

“Nilikata pale palipokuwa pazima, mjukuu wangu. Kwingine khanga ilikuwa imechakaa.”

Binti hakuridhika na jibu hilo, na mimi pia sikuridhika, lakini mama hakuongeza neno na sitamwekea maneno mdomoni.

Ninachoweza kusema ni cha kwangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifumua. Nikinunua gauni lililopunguzwa kiuno nilikirudisha. Nilitoa viraka, nikatoa vifungo visivyofanana nikaweka seti kamili, nikajisifu kwamba nguo imerudi asili yake. Koti moja la mtoto nililolinunua Karume lilikuwa na kiraka cha moyo kwenye kiwiko, kimeshonwa kwa nyuzi za rangi tatu. Nilikitoa nikakitupa. Nakikumbuka mpaka leo. Kuna mtu alikaa na sindano kwa ajili ya kiwiko cha mtoto wake, na mimi niliona uchafu. Siku hizi nikikuta kiraka nakipiga pasi vizuri nakiacha, na mteja akiniomba nikitoe, maana kuna wanaonunua kwangu, namwuliza kwanza kama amekitazama kwa karibu.

Mambo madogo ya nyumbani yamebadilika pia. Nyuzi, lastiki, riboni na sindano zinakaa kwenye kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana, na kopo linakaa juu ya kabati. Kila nikimaliza kushona mwanangu wa miaka 6 anapita na sumaku sakafuni akitafuta sindano, na vipande vya uzi anaokota kwa mkono. Ameifanya kazi yake na haikosi. Mama amechagua magauni mawili kutoka kwenye masanduku yangu, moja la kijani lenye marinda, akalipunguza mwenyewe. Neno “kafa Ulaya” bado analisema, ila sasa analisema akiwa amelivaa.

Pindo alirudi na tumbo lililonyolewa na mishono saba. Wiki mbili baadaye, alipotolewa nyuzi, mama aliomba apewe gauni lake. Hakutaka nishone mimi wala hakutaka cherehani. Tulimfungia Pindo chumbani, akawa analia nyuma ya mlango na kupitisha mguu mweupe kwa chini. Binti yangu alimtungia bibi yake uzi mweusi sindanoni, kwa kuwa macho yake hayaoni tena tundu, na mama akavaa kastabani yake ya shaba akaanza pale pale nilipofumua, akifuata matundu ya zamani. Alishona taratibu kuliko mwaka 1968. Alipofika mwisho alipiga fundo, akakata uzi kwa meno, akampa mjukuu wake kile kipande kilichobaki.

“Kaweke kwenye kopo,” alisema. “Funga vizuri, ndiyo umfungulie.”